Kifutio Mfukoni mwa Fundi Dalva

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Dalva Resende amelaza sikio kwenye mpini wa mwiko wa mbao. Ncha nyingine ya mwiko imegusa ubavu wa kompyuta ya mwaka 1986. Amefumba macho, na mkono mmoja ameuinua juu kuwanyamazisha wote waliomo jikoni, akiwemo mumewe Osmar, ambaye biskuti ya muhogo ilikuwa ndiyo kwanza imeingia mdomoni. Osmar anaacha kutafuna, shavu limemvimba.

"Beringi ya feni imekauka," Dalva anasema hatimaye. "Inasaga. Inasaga kama meno ya mtoto mwenye minyoo."

Mwandishi wa habari hii anapewa mwiko naye asikilize. Hasikii kitu.

"Husikii kwa sababu huna wivu," Osmar anasema baada ya kumeza. "Mke wangu anasikiliza kwa wivu, si kwa masikio."

"Sema tena uone kama mchana utakula."

"Kwani nimesema uongo?"

"Sijasema ni uongo. Nimesema sema tena."

Dalva ana miaka sitini na miwili. Kazi yake ni kuzipoza na kuzinyamazisha kompyuta za zamani, zile nzito za bati zilizounguruma kwenye ofisi za baba zetu. Wenye mashine ni madaktari wa meno, mawakili na wahasibu wanaotoka Belo Horizonte wakiwa wamezifunga kwenye mablanketi. Wanataka kuchezea tena mashine za utoto wao, lakini kelele zimewachosha wake zao na joto limeanza kuunguza vipuri ambavyo havitengenezwi tena.

Anatoza reais mia na themanini kwa mashine moja, na kwa mwezi hupata nane au kumi. Ukijumlisha na pensheni ya Osmar, anasema, gesi haijawahi kuisha kabla ya mwisho wa mwezi. Karakana yake ni jiko hilohilo. Bisibisi zinakaa na vijiko, na mtu asiyejua akifungua kopo la sukari atakuta skrubu.

"Kuipoza mashine, mtu yeyote anaweza. Weka feni kubwa, izungushe kwa nguvu, basi," anaeleza huku akidondosha tone moja la mafuta kwenye beringi kwa sindano ya hospitali. "Kuinyamazisha pia rahisi. Punguza kasi ya feni. Lakini ukipunguza feni, joto linapanda. Ukishusha joto, kelele inarudi. Wanaotaka yote mawili kwa pamoja ndio wanaokuja kwangu."

Kisha, bila kuulizwa, anaongeza: "Au wanaenda kwa Neuza."

Hapo ndipo habari hii inapoanza. Kila mtu wa hapa Conceição da Mata anajua kwamba ukikaa na Dalva dakika kumi, Neuza atatajwa. Mwandishi alipima kwa saa. Zilikuwa dakika sita.

Neuza Prado ni wifi yake, mke wa kaka yake Gilmar. Aliishi São Paulo zaidi ya miaka ishirini, na miaka mitano iliyopita alirudi akafungua duka kwenye barabara ya kanisani. Duka lina kiyoyozi, bango lenye taa na kiti cha kungojea. Anafanya kazi ileile ya Dalva, ila feni zake ananunua mpya, pana, za kuzunguka polepole. Huwaonyesha wateja video za mashine zake kwenye simu, na mbele ya mashine hizo mjukuu wake mchanga amelala fofofo.

"Mtoto yule analala hata kwenye harusi," Dalva anasema. "Mimi ni shangazi wa baba yake, namjua. Usingizi wake si ushahidi."

Ukimwuliza kama ni haki kuandika kwamba ana wivu, hakwepi. "Andika. Lakini andika sawasawa. Usiandike eti nina uchungu, usiandike nimeumia. Nina wivu. Nimeamka nao leo, nimeupikia kahawa."

Wivu huo haukuanza na duka. Ulianza mwaka 1984, kwenye kiwanda kilichokuwa pale penye ghala la kahawa sasa. Miaka ile Brazili ilikuwa imefunga mlango kwa kompyuta za nje, na huku kwetu wanawake mia moja na arobaini walikuwa wakilehemu mashine iliyoitwa Serrana. Dalva alikaa meza ya nne. Neuza alikaa ubavuni pake. Walikuwa wakigawana chakula cha mchana kwenye bakuli moja.

Kiwandani kulikuwa na desturi ambayo wakubwa hawakuijua, au walijifanya hawaijui. Kabla mfuniko haujafungwa, wanawake walioiunda mashine waliandika majina yao kwa penseli upande wa ndani. Mlehemu, mfungaji na mpimaji, kila mmoja jina lake.

Serrana Namba Moja ililehemiwa na Dalva. Hilo hata Neuza hajawahi kulikataa. Lakini kwa sababu gavana alikuwa anakuja, kazi ilifanywa mbio, na jioni ya mwisho Dalva akaunguza kidole gumba kwa chuma cha kulehemu. Asubuhi alifika na bandeji kubwa. Mpiga picha alimwangalia, akamnong'oneza meneja, na meneja akamwambia aende nyumbani akapumzike.

"Bandeji ingeharibu picha," Dalva anasema. Gumba analitazama hadi leo. Kovu lipo.

Kwenye kiti chake akakalishwa Neuza. Picha ile iko ukutani mwa maktaba ya mji, kubwa kama mlango: gavana anacheka, na Neuza mwenye miaka ishirini na mmoja ameinamia Namba Moja, chuma cha kulehemu mkononi, nywele zimebanwa vizuri. Mfuniko ulifungwa siku hiyohiyo, skrubu zikapakwa rangi nyekundu kama muhuri, na mashine ikapelekwa kwenye shamba la mwenye kiwanda. Watoto wa shule wakipelekwa maktaba huambiwa, huyu ndiye mama wa Namba Moja.

"Chakula chetu cha mchana tukaacha kugawana," Dalva anasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Naye akaolewa humohumo nguoni."

Kiwanda kilifungwa mwaka 1992. Dalva akauza mikate ya jibini stendi, akatengeneza mashine za kusagia matunda na feni za mezani, hadi daktari mmoja wa meno alipomletea kompyuta iliyokuwa ikilia. Namba Moja yenyewe haikuonekana tena, mpaka mwaka jana familia ya mwenye kiwanda ilipoikabidhi kwa maktaba. Muhuri mwekundu ulikuwa haujaguswa.

Tatizo ni kwamba Namba Moja ikiwashwa hunguruma kama mashine ya kukoboa kahawa, na baada ya dakika ishirini huchemka na kujizima. Wasomaji wamelalamika. Mkuu wa maktaba, Bi Efigênia, aliamua apatikane mlezi mmoja wa kuifungua, kuitibu na kuitunza, ili watoto waitumie kila siku. Na kwa kuwa mji huu una Jaribio la Jibini kila Julai, shindano la mafundi wa kompyuta za zamani, alitangaza kwamba atakayeshinda mwaka huu ndiye atakayeufungua mfuniko ule.

Dalva alipofika hapo katika maelezo yake, aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni akatoa kifutio. Kipya, cheupe, cha mpira laini, bado kina kibandiko cha bei.

"Jina lake liko mle ndani. Alikaa kwenye kiti, alishika chuma, mfuniko ukafungwa mbele yake. Ataachaje kuandika? Picha siwezi kuishusha ukutani. Lakini penseli inafutika."

Osmar akatazama biskuti zake.

Jumamosi iliyofuata ukumbi wa sinema ya zamani ulijaa. Baridi ilikuwa kali na watu walivaa kofia za sufu. Kila fundi alileta mashine yake. Juu ya mfuniko, palepale kilipo kisanduku cha umeme kinachochemka kuliko vyote, huwekwa kipande cha jibini mbichi, unene wa kidole. Mashine inafanya kazi saa nzima. Jibini ikitoka jasho, umeshindwa.

Kelele inapimwa na Mzee Anísio, fundi wa kurekebisha piano, asiyeona tangu kuzaliwa. Anakaa hatua moja kutoka kwenye mashine. Inapowashwa, ukumbi mzima hupiga makofi ili asisikie swichi, kisha wote hunyamaza kwa pamoja. Akiisikia mashine, anavua kofia. Kofia ikivuliwa, umeshindwa pia.

Neuza alikuwa ameshinda mara tatu mfululizo. Alikuja na koti jekundu na mashine yenye matundu ya hewa yaliyokatwa kwa ustadi. Wifi wawili walisalimiana kwa kidevu.

"Jibini yako umeileta ya friji, wifi?" Dalva akauliza.

"Jibini inatoka meza moja kwa wote, wifi. Ungekuja mapema ungeiona."

Makofi yakapigwa, yakakatika. Mzee Anísio aliinamisha kichwa. Sekunde thelathini zikapita, na polepole, kama mtu anayeomba radhi, akavua kofia.

Ukumbi uliguna. Neuza aliitazama mashine yake kana kwamba imemsema hadharani. Dalva aliinamia viatu vyake, lakini mwandishi alikuwa upande wa chini na aliona meno.

Zamu ya Dalva, makofi yalipokatika, kimya kilikuwa kikubwa hadi mtoto mmoja akacheka. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Kofia haikusogea. Mwishowe Mzee Anísio akauliza, "Jamani, mnaniweka hapa kwa nini? Si muiwashe?"

Watu walisimama kumshangilia. Mwanamke mmoja alilia. Dalva alisimama wima, mkono umo mfukoni mwa aproni, na mwandishi alijua kilichoshikwa mle.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu alilitia maji kabla hata ya kusifiwa. Asubuhi ile alikuwa amesikia sokoni kwamba mashine ya Neuza mwaka huu haisikiki kabisa, kabisa. Moyo ukamwaka. Akarudi jikoni, akaipunguza kasi feni yake iliyokuwa tayari nzuri, akasikiliza kwa mwiko, akaipunguza tena. Alisikiliza mara kumi. Jibini hakuijaribu hata mara moja.

Dakika ya arobaini, tone dogo lilitokea pembeni mwa kipande cha jibini. Aliyeliona wa kwanza ni Osmar. Alitoa leso na kuanza kusogea taratibu, kama anayekwenda kupenga kamasi.

"Ukiigusa nakuacha," Dalva alisema bila kugeuka.

Osmar akapenga kamasi kweli, akarudi kukaa. Dakika ya hamsini jibini ilikuwa inang'aa, na maji yalikuwa yanateremka kwenye bati.

Kwa mara ya kwanza tangu jaribio lianzishwe, hakuna aliyeshinda. Bi Efigênia alipanda jukwaani na karatasi ambayo haikuwa na kazi tena. "Namba Moja haiwezi kungoja Julai nyingine," alisema. "Mmoja wenu ana masikio, mwingine ana jibini kavu. Jumatatu saa tatu, njooni wote wawili. Na msinigombanie maktaba."

Jumatatu walikuja kwa njia mbili tofauti. Namba Moja ilikuwa mezani, chini kabisa ya ile picha. Skrubu zilikuwa sita. Walifungua tatu tatu, kila mmoja akikwangua rangi nyekundu kwa kucha.

"Mfuniko naushika mimi," Dalva akasema.

"Ushike."

Aliuinua, akaugeuzia dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa umeshatoka mfukoni na kifutio.

Ndani kulikuwa na majina matatu ya penseli. Mfungaji, Ivanilda. Mpimaji, Terezinha. Na juu yao, kwa herufi za duara zenye mikia: Mlehemu, Dalva.

Jina la Neuza halikuwepo. Dalva alilitafuta hadi kwenye pembe, akaupindua mfuniko, akautazama tena.

"Huu si mwandiko wangu," alisema.

Neuza alikuwa ameshainama na brashi. "Tazama vumbi hili, wifi. Hapa tungepanda maharage yakaota."

"Neuza. Nani ameandika hapa?"

"Aliyeunguza kidole ni nani? Ulitaka niandike nani, gavana?"

"Miaka arobaini! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie lini? Siku ya harusi yangu ulimpongeza kaka yako, mimi ukanipita kama kabati." Neuza aliweka brashi chini. "Unafikiri wivu ni wako peke yako? Kila nikiingia humu najikuta ukutani nimeshika chuma chako. Watoto wananiita mama wa Namba Moja, na mimi nacheka kama mjinga. Ile mikono yako naionea wivu tangu nina miaka ishirini na mmoja. Jumamosi unajua kwa nini kofia ilivuliwa? Niliambiwa jibini yako haijawahi kutoka jasho. Nikaongeza kasi ya feni asubuhi ileile."

Dalva aliweka mfuniko mezani, akatoka nje. Alikaa kwenye ngazi za maktaba, penye jua. Mwandishi alimfuata, akakaa ngazi ya chini.

"Andika," alisema. Macho yalikuwa yamelowa na alikuwa na hasira nayo. "Andika kwamba sasa nina wivu kuliko jana. Picha alinishinda. Duka amenishinda. Kumbe na wema alinishinda, tena zamani, kabla hata sijajua kama tunashindana. Mtu wa namna hii utamfanyaje?"

Alirudi ndani baada ya dakika kumi, na kazi ikaanza. Walibishana siku nzima. Dalva aliitaka feni ya zamani itiwe mafuta ibaki. Neuza akasema feni ile imekufa, imesahau tu kuzikwa. Wakaweka feni pana ya Neuza. Dalva akaifungua ikiwa mpya hivyohivyo, akaisafisha beringi na kuitia mafuta yake kwa sindano. Akafunga bamba la alumini kwenye kipuri kilichokuwa kinachemka, naye Neuza akatoboa matundu ya hewa upande wa nyuma, ambako watoto hawataona.

Bado kulikuwa na mtetemo mdogo. Mwiko uliusikia. Feni ilihitaji kukalia kitu laini kwenye pembe zake nne, na raba alizokuja nazo Neuza zilikuwa nene mno. Dalva alisimama kidogo. Kisha alichukua kisu, akakikata kifutio vipande vinne vilivyo sawa, akavipachika chini ya feni.

"Hicho umekitoa wapi?" Neuza akauliza. "Kizuri."

"Nilikuwa nacho tu."

Mashine ilifanya kazi kwa muda wa saa nne. Jibini ilibaki kavu, Bi Efigênia akaila. Mzee Anísio aliitwa, akasimama pale, kofia ikabaki kichwani.

Kabla ya kufunga, Dalva alimtuma Neuza chumba cha pili akaulizie rangi nyekundu. Mlango ulipofungwa, akachukua penseli ya Bi Efigênia na kuandika ndani ya mfuniko, haraka, pembeni mwa jina lake: Neuza. Herufi zilikuwa kubwa kuliko za jina la Dalva. Akaufunga mfuniko, akakaza skrubu zote sita peke yake, na Neuza aliporudi na kikopo cha rangi hakukuwa na cha kuona.

Kuhusu siku zijazo, Dalva ana mpango mmoja tu. Julai ijayo atashinda Jaribio la Jibini, na safari hii jibini ataijaribu nyumbani kabla ya kwenda. Ameshamwambia Neuza hivyo, naye Neuza amemjibu aanze kuzoea kupiga makofi.

Je, na lile jina, hatamwambia?

"Nimwambie ili iwe nini? Ataliona siku feni ikichoka na mfuniko ukafunguliwa." Dalva alijifuta mikono kwenye aproni, ambayo mfuko wake sasa ulikuwa mtupu. "Na feni ile nimeitia mafuta mimi. Itachukua miaka. Mimi nimesubiri arobaini, acha na yeye asubiri kidogo."

Mwandishi alimkumbusha kwamba habari hii itatoka gazetini.

"Kwani nimekukataza?" alisema.